Mashine za masikio za wazee wetu huwa zinaenda wapi?

#1 Kisiki cha Mpingo
Wakuu, wakubwa shikamooni, wengine mambo.

Mama yangu, miaka 74, tunaishi naye hapa Kijichi, kapoteza tena mashine ya sikio, ile ya kumsaidia kusikia. Safari hii ya kulia. Ya kushoto ipo kwenye kisanduku chake. Ni zile za kukaa nyuma ya sikio, zenye kiwaya chembamba kinachoingia ndani. Tulizinunua kwa kuchangishana ndugu, na bei siiandiki hapa kwa sababu mke wangu naye ni mwanachama humu.

Hoja yangu ni kwamba hizi mashine hazipotei, zinachukuliwa. Godoro limebinuliwa, kapu la nguo chafu limemwagwa, mchele umepepetwa, mpaka shimo la choo limemulikwa tochi. Katika kutafuta tumeona ufunguo wa stoo uliopotea kabla sijaoa, ila mashine hakuna. Mimi nashuku panya. Mke wangu anashuku kunguru. Mama mwenyewe anasema kaichukua mdogo wangu ili asisikike anaposemwa.

Wenye wazazi wanaovaa hivi vitu, kwenu huwa zinaenda wapi?

#2 Ngoja Nione
Nimeweka kambi. Mdogo mtu ajitokeze ajitetee.

#3 Bwana Kitenge
Mke wako yuko sahihi. Ni kunguru. Mimi naishi Upanga, kunguru wa huku alibeba kijiko cha chai mezani na mwenye chai kakaa palepale. Kitu chochote kinachong'aa kikiachwa dirishani hakina mwenyewe. Mwambie mama asiweke mashine kwenye kingo za dirisha.

#4 Sikio Moja
Mimi ni mvaaji, na naona wazee wanasemwa wakati hawapo, ngoja niwasemee.

Mashine haibebwi na mtu wala ndege. Inatoka yenyewe na mvaaji hajui. Ina uzito wa gramu chache, ukishaizoea huihisi tena, na ikidondoka huisikii ikidondoka kwa sababu kilichokuwa kinakusaidia kusikia ndicho kilichodondoka.

Inatoka pale unapovua kitu kingine. Mwaka 2020 na 2021 barakoa zilitumaliza, maana kamba yake inapita juu ya sikio palepale ilipokaa mashine. Ukivuta barakoa, mashine inaruka nayo. Barakoa zimeondoka, zimebaki helmeti za bodaboda, miwani na kofia. Kwa akina mama ni mtandio na kilemba. Mtoa mada, mama alikuwa katoka wapi siku hiyo?

#5 Kisiki cha Mpingo
@Sikio Moja bodaboda hapandi hata umlipe. Mtandio anavaa muda wote. Siku hiyo alitoka kwenda msibani nyumba ya tatu, akarudi, akala, akalala. Njia yote tumeikagua na watoto wa mtaa, niliwaahidi soda.

Kitenge, madirisha yangu yana nyavu.

#6 Nesi Mstaafu
Nimefanya kazi wodi za watu wazima miaka mingi. Sikio Moja ana hoja, ila nyingi nilizoziona zikipotea zilivuliwa na mwenyewe kwa mkono wake, zikafungwa kwenye tishu.

Mzee anavua, anaona si adabu kuiweka mezani hivihivi, anaikunja kwenye tishu na kuisogeza kando ya sahani. Anapita msichana wa usafi au mkwe, anaona tishu iliyotumika, anaitupa. Hapo hakuna mwizi. Nyingine inawekwa chini ya mto, shuka zinabadilishwa, zinaingia kwenye beseni la maji ya moto na sabuni. Nyingine inaondoka na sinia la chakula.

Wagonjwa wangu nilikuwa nawaambia sehemu ni mbili tu, sikioni au kwenye kisanduku. Si mfukoni, si kwenye sidiria, si kwenye pindo la kanga, wala "niweke hapa mara moja". Mtoa mada, taka za siku ile zilishachukuliwa?

#7 Kisiki cha Mpingo
Zilishachukuliwa asubuhi yake. Nesi, umeniharibia siku.

#8 FundiRedio
Kabla hamjalia, kuna mbinu. Mashine yenye betri hai na iliyofungwa mlango wa betri huwa inapiga mluzi ikifunikwa, iwe na mto, kiganja au kitambaa. Sauti inayotoka kwenye spika yake inarudi kwenye maiki yake, inazunguka. Zima TV, zima feni, subiri usiku nyumba itulie, kisha tembea chumba kwa chumba ukiminyaminya mito na nguo.

Atafute kijana, siyo mama. Mluzi ule ni wa masafa ya juu, na masafa ya juu ndiyo wazee wengi huanza kuyapoteza.

Na mfanye haraka. Hizi betri za kidonge zinatumia hewa, ukishabandua kile kistika zimeanza kazi, uvae usivae. Yenye stika ya kahawia, namba 312, inaenda siku chache mpaka wiki hivi. Ya rangi ya machungwa, namba 13, wiki moja mpaka mbili kutegemea mashine. Ikishakufa hakuna mluzi tena.

#9 Mbeya Kwetu
Fundi, hiyo ni kwa mashine za zamani. Hizi mpya zina programu ya kuua mluzi, ya baba yangu hata uifinyange mkononi inanyamaza. Halafu wazee waliofundishwa vizuri wanafungua mlango wa betri kila wakivua ili kubana matumizi. Hapo imezimika kabisa. Kadiri mzee anavyofuata maelekezo ndivyo inavyokuwa ngumu kuipata, sijui tumlaumu nani.

#10 FundiRedio
@Mbeya Kwetu sawa kabisa, ila hata mpya nyingine ukiifunika vizuri inatoa kamlio kidogo. Ajaribu, hakuna hasara.

#11 Jirani wa Likoni
Salamu kutoka ng'ambo ya feri. Mbona mnajisumbua na mluzi? Kuna za bluetooth siku hizi, unafungua programu kwa simu inakuonyesha ramani. Shosho yangu anayo. Akipoteza tunaangalia simu, kwisha.

#12 FundiRedio
Jirani, karibu, ila usimwingize mtu kwenye matumizi kwa nusu habari. Mashine yenyewe haina GPS ndani. Ramani ile inaonyesha mahali simu ilipokuwa mara ya mwisho ilipoongea na mashine. Bluetooth yake inafika kama mita kumi hivi, ukuta ukiwepo inapungua. Kwa hiyo simu lazima iwe inatembea na mvaaji. Kama imeunganishwa na simu ya mtoto anayekwenda kazini Posta, ramani itasema "nyumbani, saa kumi na mbili asubuhi", wakati mzee kashazunguka mtaa mzima.

Inachosaidia kweli ni ile alama ya karibu na mbali ukiwa ndani ya nyumba. Unatembea na simu, ukisogea alama inapanda. Nayo inataka betri iwe hai.

#13 Jirani wa Likoni
Haya fundi, nimekubali nusu. Lakini "ilikuwa mara ya mwisho kanisani" ni bora kuliko kupepeta mchele 😂

#14 Mzee wa Darajani
Assalaam alaykum. Nyote mmesahau udhu.

Mimi navaa zote mbili. Mara tano kwa siku natakiwa kupaka maji masikio, na mashine na maji havipatani. Sasa hesabu mtu huyo anavua mara ngapi. Pale penye mabomba ya msikiti kuna kiukuta, na kila mtu anaweka vyake pale, saa, miwani, pete, meno ya bandia. Unaweka na mashine. Ukimaliza imamu keshasema takbira, unakimbilia safu. Unakumbuka ukiwa njiani nyumbani, kwa sababu muadhini wa msikiti wa pili humsikii.

Dawa yangu ni kijaluba. Si kisanduku cha plastiki walichonipa hospitali, hicho kinafanana na vitu vyote vya plastiki duniani. Mimi natumia kijaluba cha tambuu cha marehemu bibi, cha fedha, kizito mfukoni. Navua, natia, nafunga, kinatoa mlio "tap" ambao hata mimi nausikia. Kikiwa chepesi najua kuna jambo. Na hakuna mtu wa Unguja atakayekitupa jalalani akidhani takataka.

#15 Ngoja Nione
Mzee hicho kijaluba ndicho kitaibiwa sasa, mashine wataiacha.

#16 Mzee wa Darajani
@Ngoja Nione wewe mwana wa nani?

#17 Mbeya Kwetu
Kijaluba nimekipenda, ila mzee angalia unyevu. Joto la pwani na jasho la nyuma ya sikio vinaua hizi mashine. Ndani yake tia kile kipakiti cha vidonge vya kunyonya unyevu kinachokuja na viatu vipya. Usitie mchele, una vumbi na wanga, unaziba tundu la sauti.

#18 Bwana Kitenge
Bado nasimama na kunguru. Hamjajibu kijiko.

#19 Mwanafunzi wa Viumbe
@Bwana Kitenge imani hiyo iko dunia nzima na haijathibitika. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, waliwapima ndege wa jamii ya kunguru wanaosifika kwa kuiba vitu vinavyong'aa. Waliwawekea chakula na kando yake vitu vinavyong'aa. Ndege walionekana kuviogopa, wakawa wazito hata kusogelea chakula.

Hawa wa kwetu wenye shingo ya kijivu waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wale takataka. Wanafuata chakula. Kijiko chako kilikuwa na sukari.

#20 Bwana Kitenge
Wale wa Exeter hawajawahi kuishi Upanga.

#21 Shangazi wa Pangani
Mkitafuta mnyama, tafuteni mbwa. Ya mume wangu ililiwa na mbwa wetu aitwaye Simba, tena mbwa mzee asiyekula hata mfupa siku hizi. Tulikuta kiwaya kwenye mkeka, plastiki imetafunwa kama karanga, betri imebaki nzima pembeni, Mungu bariki.

Daktari wa mifugo alisema ni harufu ya nta ya sikio, mbwa anaipenda. Mtaalamu aliyetupimia masikio alisema ni ule mluzi, sisi hatuusikii lakini mbwa unamkera, anautafuta aunyamazishe. Sijui niamini yupi, mashine ndiyo imekwenda. Sasa hivi kisanduku kinakaa juu ya kabati la vyombo.

#22 Mama Pacha
Kwa wenye watoto. Mmoja wa pacha wangu ana kile kifaa cha kusikia cha kupandikizwa ndani ya sikio, upasuaji wa aina ile unaofanyika Muhimbili tangu 2017. Sehemu ya nje inashika kichwani kwa sumaku. Sumaku hiyo hiyo inashika chuma chochote! Akiegemeza kichwa kwenye kitanda cha chuma, geti, bembea au mlango wa basi la shule, kifaa kinabaki pale, mtoto anaondoka. Kwa hiyo kikipotea hatuanzi sakafuni, tunaanza na vyuma. Mara ya mwisho kilikuwa kimenata nyuma ya geti la shule, mlinzi amekipita asubuhi nzima.

Pacha mwingine ana mashine ya kawaida, tumemwekea uzi wenye kibanio, upande mmoja kwenye mashine, mwingine kwenye kola ya shati, kwa nyuma ambako mkono wake haufiki. Rangi ya mashine tulichagua waridi kali. Waliotuuzia walitaka kutupatia ya rangi ya ngozi ili isionekane. Mimi nataka ionekane, hasa ikiwa kwenye nyasi.

Na hakikisheni mlango wa betri wa mtoto una kufuli. Watoto wanameza zile betri.

#23 FundiRedio
@Mama Pacha kweli, ila tusiwatishe watu kupita kiasi. Betri za mashine za masikio zina volti 1.4 hivi. Zile bapa za lithiamu za rimoti, zenye volti 3, ndizo hatari zaidi kwa koo.

#24 Nesi Mstaafu
FundiRedio, kwenye redio nakuheshimu. Kwenye koo la mtoto niachie mimi. Kidonge chochote cha betri kikimezwa, au kikiingizwa puani au sikioni, ni hospitali saa hiyo hiyo. Msimtapishe, wala msisubiri kitoke na choo. Nani atajua kwa macho kama mtoto kameza ya rimoti au ya bibi?

#25 FundiRedio
Nimenyamaza, nesi.

#26 Sikio Moja
Narudi kwa mtoa mada, kuna jambo tunalizunguka. Mama anavaa saa ngapi kwa siku?

Mtu anayevaa kuanzia anapoamka mpaka anapolala hapotezi hovyo, maana anavua mara moja na mahali pamoja. Anayepoteza ni yule wa kuvaa na kuvua. Na kuvua kuna sababu. Sufuria zikigongana zinamchoma masikio, mvua ikipiga bati anataka kukimbia, msibani watu wakilia kwa pamoja hasikii neno hata moja, anasikia kelele tupu. Hiyo ni mashine isiyorekebishwa. Mnalipa, mnavalishwa, mnarudi nyumbani, hakuna anayewaambia kwamba lazima mrudi baada ya wiki chache ipangwe upya kulingana na anavyosikia.

Angalia pia kile kizibo laini cha mwisho wa waya. Kina saizi. Kikiwa kidogo kinateleza nje kila anapotafuna. Waya nao una urefu wake, ukiwa mrefu mashine inaning'inia nyuma ya sikio badala ya kukaa. Kama ya kulia ndiyo inayopotea mara kwa mara na ya kushoto haipotei, mimi ningeanzia hapo kabla ya panya.

#27 Kisiki cha Mpingo
@Sikio Moja kweli, hata iliyopotea mwanzo ilikuwa ya kulia. Hilo sikulifikiria. Asante.

#28 Ngoja Nione
Au analalia upande wa kulia.

#29 Nesi Mstaafu
Au ndio mkono anaoutumia kupokea simu. Anaweka simu sikioni, mashine inapiga kelele, anaivua, anaongea, anaisahau. Hiyo nimeiona sana.

#30 Kaka wa Leicester
Habari za nyumbani. Huku Uingereza mashine za hospitali za serikali, NHS, unapewa kama mkopo, mali si yako. Ikiharibika kwa kawaida wanatengeneza, betri bure, ila ukipoteza wanaweza kukutoza. Mama mkwe ameishi nayo kwa hofu hiyo na hajapoteza. Nafikiri kinachowatunzia wazee wa huku mashine ni woga wa barua ya madai.

Marekani tangu Oktoba 2022 mtu mzima mwenye tatizo dogo au la kati anaweza kununua dukani bila cheti cha daktari. Shemeji yangu wa Ohio alinunua zinazofanana kabisa na spika za simu za masikioni. Akiziacha popote kila mtu anadhani ni za mtoto wake.

#31 Mbeya Kwetu
Kaka, hilo la kufanana lipo hata kwetu. Kondakta akiokota mashine ya sikio kwenye basi anadhani ni spika ya simu ya Kariakoo iliyokatika, anaitupa dirishani. Wekeni namba ya simu kwenye kisanduku.

Na andikeni namba ya mashine, zimechapwa kwa herufi ndogo sana kwenye mwili wake au ndani ya mlango wa betri. Piga picha kwa simu, vuta karibu. Ikipotea unajaza ripoti ya upotevu ya polisi, siku hizi inajazwa mtandaoni, na bila ile namba unaandika nini? "Kitu kidogo cha kijivu"? Pia kuna kialama, nyekundu ni kulia, buluu ni kushoto. Ukiokotewa moja ujue ni ipi.

#32 Kisiki cha Mpingo
Mrejesho mfupi. Mluzi tumejaribu usiku, mtoto wangu wa darasa la sita kazunguka nyumba nzima, kapata jongoo. Dukani nimeuliza ule uzi wenye kibanio wa Mama Pacha, upo wa watu wazima. Mama kaukataa. Kasema yeye si ng'ombe wa kufungwa kengele.

Lakini kuna jipya. Mjukuu wake anasema bibi huwa anaivua kila anapokuja mama fulani wa kikundi chao cha kuweka na kukopa, anayekuja kukumbushia marejesho. Anaivua, anaificha, anaonyesha sikio na kutikisa kichwa. Yule mama anaondoka. Msibani siku ile na huyo mama alikuwepo.

Nimemuuliza anaificha wapi. Amesema hanisikii.

#33 Ngoja Nione
😂😂😂 Mama apewe uenyekiti.

#34 Shangazi wa Pangani
Mwacheni mama. Hata mimi nikiwa nayo ningeivua siku ya marejesho.

#35 Sikio Moja
Hiyo haiondoi hoja ya kizibo. Mpelekeni kipimwe.

#36 Nesi Mstaafu
Wala haiondoi tishu. Akiificha kwa haraka ataificha ndani ya nini? Angalieni kwenye pochi anayokwenda nayo misibani, na mifuko ya makoti ambayo hayavaliwi.

#37 Mzee wa Darajani
Na deni lilipwe.

#38 Binti Ufipa
Samahani kwa kuingilia, mada hii imenifaa sana. Baba anatumia zile zenye nguvu, betri ya stika ya buluu, namba 675. Hapa Sumbawanga nimekosa, duka moja walinipa ya saa wakasema ni ileile. Nafanyaje?

#39 FundiRedio
Ya saa usiweke, hata ikiingia si aina hiyo. Uliza hospitali yenye kitengo cha masikio, pua na koo, au agiza Dar kwa basi, pakiti ni nyepesi. Angalia tarehe ya mwisho nyuma ya pakiti na kila kidonge kiwe na stika yake. Ukibandua, kiache wazi kama dakika moja kipate hewa ndipo ufunge mlango. Usiagize nyingi mno kwa pamoja, zinazeeka hata zikiwa kwenye pakiti.

#40 Binti Ufipa
Ubarikiwe fundi. Na kisanduku, nacho naweza kuagiza?

#41 Ngoja Nione
Muulize mzee wa Darajani kama bibi aliacha vijaluba viwili.